Kabla Hamjachoma Hati ya Mkopo

Huku kwetu Millet Cross, mtu akimaliza kulipa mkopo wa nyumba hanyamazi. Anaita watu. Anachoma nguruwe mzima juu ya makaa, na mkewe anapika sukuma wiki na pai ya viazi vitamu. Mchungaji anaomba. Kisha hati ya mkopo inachomwa moto mbele ya macho ya wote. Wenye nyumba wanalia. Sisi wengine tunapiga makofi, halafu tunakula mpaka mikanda inabana.

Zamu ya Lemuel Battle na mkewe Earlene ilifika Jumamosi moja ya mwezi wa sita. Lemuel aliendesha basi la shule karibu maisha yake yote ya kazi. Jioni alilima viazi vitamu. Earlene alikuwa mpishi katika shule hiyohiyo. Nyumba yao ni ya mbao, rangi nyeupe, na ina veranda mbele. Nyuma yake kuna shamba, na nyuma ya shamba kuna Kijito cha Cutler.

Waliilipa nyumba ile miaka thelathini. Mimi ninafundisha watu wazima kusoma pale kanisani, na Earlene ni rafiki yangu tangu utoto. Ninajua nguo alizozitamani akaziacha dukani ili benki ipate chake. Kwa hiyo siku ile nilipomwona ameshika sahani yenye ile hati, nililia kabla yake.

Lemuel akatoa kiberiti mfukoni, akawasha njiti. Karatasi ikashika moto kwenye pembe, ikajikunja, ikaisha.

"Kuanzia leo," alisema, "hakuna mtu wa benki atakayeniamuru ndani ya nyumba hii."

"Amina," tukaitikia.

"Wala mtu wa bima."

Hapo amina zikapungua. Odessa, mdogo wake Earlene, aliweka sahani yake chini. Odessa anafanya kazi katika ofisi ya kaunti. Kazi yake ni kuangalia nani anajenga wapi, hasa karibu na mito. Yeye na Lemuel hawajawahi kukutana bila kutaniana.

"Shemeji, bima ipi unayoikataa?" akauliza.

"Ya mafuriko. Benki ndiyo iliyonilazimisha. Kila mwezi waliichomeka ndani ya malipo ya mkopo. Sasa benki imekwenda zake, na bima yake imefuata."

"Benki imekwenda, sawa. Na kijito nacho kimekwenda?"

Watu wakacheka. Lemuel naye akacheka, lakini kwa upande mmoja wa mdomo.

"Shemeji, kula nyama. Mdomo wako ukijaa, sisi tutapumzika."

Hosea Whitfield, jirani yao wa ng'ambo ya barabara, akaingilia. Yeye na Lemuel huvua samaki pamoja tangu wakiwa wavulana. "Mimi benki haikunidai bima hiyo hata siku moja," alisema. "Upande wangu wa barabara haumo kwenye ramani ya serikali ya maeneo ya mafuriko. Imebaki miaka miwili nichome hati yangu. Na nguruwe wangu atakuwa mnene kuliko huyu."

"Kwani huyu amekonda?" Lemuel akauliza, na maneno yakahamia kwenye nguruwe.

Wiki chache baadaye wakala wa bima alipiga simu. Alitaka kujua kama wataendelea na bima ya mafuriko, sasa kwa kuilipia wenyewe. Lemuel alimjibu kwa adabu kwamba hapana, asante, na Mungu akubariki. Akakata simu. Earlene alikuwa mezani anamenya maharage, na alisikia yote.

"Lem," alisema, "na maji yakija?"

"Yaje yafuate nini? Mwaka wa tisini na tisa kilikuja kimbunga kikubwa kuliko vyote tulivyowahi kuviona. Maji yaliishia wapi?"

"Kwenye pekani."

"Kwenye pekani. Hata ngazi ya nyuma hayakuigusa."

Mti wa pekani, ule wa kokwa za kula, uko mwisho wa ua wao, upande wa kijito. Baba yake Lemuel ndiye aliyeupanda. Watu wa huku kila mmoja ana alama yake kama hiyo. Mwingine ana nguzo ya ua, mwingine ana kaburi la babu yake. Maji yakiwahi kuishia mahali, basi kwetu hapo ndipo mwisho wa maji milele. Tunasema hivyo kwa uhakika kabisa, kana kwamba kijito kilitia saini.

"Tena tunayo bima ya nyumba," Lemuel akaongeza.

"Hiyo ni ya moto na upepo. Mti ukiangukia paa, wanalipa. Bomba likipasuka jikoni, wanalipa. Lakini maji yakipanda kutoka mtoni yakaingia mlangoni, hawalipi hata senti. Odessa anasema..."

"Odessa anasema, Odessa anasema. Odessa amehamia humu ndani na mimi sijaambiwa?"

Earlene akaendelea kumenya. Lakini tangu siku ile, kila mvua ikinyesha, alikuwa anasimama kwenye dirisha la nyuma akiutazama ule mti. Aliniambia kwamba anaona haya kuogopa, maana nyumba ni yao sasa, na mtu aliyemaliza deni alitakiwa alale vizuri kuliko zamani.

Mwezi wa nane, ngazi za nyumba ya Odessa zilioza. Lemuel alikwenda kuzitengeneza. Hata mtu akimtania shemeji yake, ngazi zake atazitengeneza tu. Nyumba ya Odessa iko karibu na kijito hichohicho, lakini imeinuliwa juu ya nguzo ndefu za matofali. Ngazi zake ni nyingi, na Lemuel alilalamika kwa kila moja.

"Ungeniambia unaishi juu ya mti ningekuja na kamba."

"Pumzika, shemeji. Njoo unywe chai."

Walikaa verandani na chai baridi ya sukari. Kutoka pale juu mtu anaona mbali. Odessa akanyoosha kidole upande wa juu wa kijito, palipong'aa mapaa ya mabati.

"Mwaka wa tisini na tisa pale palikuwa na nini?"

"Kinamasi. Nilikuwa nawinda sungura pale."

"Na sasa?"

"Maghala. Na uwanja wa malori."

"Mvua ikinyesha zamani, maji yalilala kinamasini siku kadhaa, yakishuka polepole. Sasa yanaangukia bati na lami. Yanalala wapi?"

Odessa akageuza kidole upande wa chini.

"Na ile barabara mpya. Imeinuliwa kama tuta. Chini yake kuna kalvati moja ya kupitisha kijito. Maji yakiwa mengi kuliko kalvati, yatafanya nini?"

"Yatarudi nyuma."

"Yatarudi kwa nani?"

Lemuel akaliangalia shamba lake kwa mbali. Lilikuwa katikati, kati ya maghala na barabara.

"Mti wako wa pekani uko palepale," Odessa akasema. "Ila vitu vingine vyote vimebadilika. Kipimo chako ni cha kijito cha zamani."

"Hata hivyo," Lemuel akasema, "ikitokea, serikali itasaidia. Huwa wanasaidia."

"Wanasaidia pale mafuriko yakitangazwa kuwa janga. Mengi hayatangazwi. Na yakitangazwa, unachopewa bure ni cha kukushikiza tu. Hakitoshi kuijenga nyumba upya. Kilichobaki wanakupa mkopo."

"Mkopo."

"Ndiyo, shemeji. Wa kulipa kila mwezi."

Lemuel akaweka bilauri chini. Akasema kwa utani, kubadilisha hewa: "Wewe nyumba hii ulimaliza kuilipia lini? Mbona hatukuitwa kula nguruwe? Ulituficha kwa uchoyo."

Odessa hakucheka. Aliitazama bilauri yake.

"Kabla ya tisini na tisa nilikuwa nimebakiza kidogo sana. Kimbunga kikaja, maji yakafika kwenye madirisha. Sikuwa na bima. Nikachukua mkopo wa serikali, nikajenga tena, nikainua nyumba. Nimemaliza kuulipa mwaka jana. Nyumba hii nimeinunua mara mbili, Lemuel. Ningewaita mchome nini?"

Waliishi jirani miaka yote hiyo; mafuriko yale Lemuel aliyajua, lakini habari ya mkopo hakuwahi kuijua. Alifikiri shemeji yake anaipenda ofisi kiasi kwamba hataki kustaafu. Alirudi kwenye ngazi, akapigilia misumari mpaka ikaisha.

Jioni alimkuta Earlene jikoni.

"Kesho tuende kwa yule wakala," alisema.

Earlene hakuuliza kwa nini. Alizima jiko, akaja kumshika mkono.

Wakala wa bima ni yuleyule anayewauzia bima ya gari. Bima ya mafuriko yenyewe ni mpango wa serikali kuu. Inapatikana hapa kwa sababu kaunti yetu ilikubali kufuata masharti ya ujenzi karibu na mito. Wakala aliwaeleza vizuri, na Lemuel safari hii alisikiliza.

"Mmeiacha bima ya zamani ikafa," wakala alisema. "Kwa hiyo mnaanza upya. Na bima mpya haianzi kazi leo. Inaanza baada ya siku thelathini."

"Thelathini? Na kimbunga kikija wiki ijayo?"

"Hamlipwi. Ndiyo maana iko hivyo. La sivyo kila mtu angeinunua akiona wingu."

Lemuel alijikuna kisogo. Miezi miwili ilikuwa imepotea bure, na wa kulaumiwa alikuwa yeye mwenyewe.

"Haya. Tuandikie ya nyumba."

"Na vitu?" Earlene akauliza.

"Vitu gani?"

"Bima ya jengo ni ya jengo," wakala akasema. "Kuta, sakafu, nyaya za umeme, tangi la maji moto. Kitanda, nguo, makochi, hivyo vina bima yake. Mtu anachagua."

"Jengo linatosha," Lemuel akasema.

"Lem, utalalia kuta?"

Wakanunua zote mbili.

Kusubiri kulikuwa kugumu. Siku thelathini hizo ziliangukia katikati ya msimu wa vimbunga. Lemuel, aliyekuwa akitazama mpira tu, akawa mtu wa taarifa za hali ya hewa. Akajua upepo wa pwani, akajua wa visiwani. Siku moja mvua kubwa ilinyesha, na kijito kikatoka kingo zake. Maji yakavuka shamba. Yakaja mpaka kwenye mizizi ya pekani, yakasimama pale mchana kutwa, ya rangi ya kahawa, yakizungusha majani. Lemuel na Earlene walikaa kwenye ngazi ya nyuma wakiyatazama, wakishikana mikono kama wachumba. Bima ilikuwa haijaanza. Jioni maji yakarudi.

"Hiyo ilikuwa mvua tu," Earlene akasema. "Haikuwa hata kimbunga."

"Nimeona," Lemuel akasema.

Kesho yake alianza kazi. Odessa alimwambia kwamba bima hainyanyui kitu, inalipa tu. Kinachoweza kunyanyuliwa, mwenyewe akinyanyue. Basi Lemuel alimwita Hosea, wakajenga jukwaa la matofali, wakapandisha juu yake tangi la maji moto. Mashine ya kupoza hewa iliyokuwa chini nje ya ukuta nayo ikapanda. Mitaro ya ua ikafukuliwa.

"Na wewe Hosea, nunua hii bima," Lemuel alisema wakiwa wameinama, jasho linawatoka. "Upande wako ni bei nafuu kuliko wangu."

"Mimi simo kwenye ramani."

"Ramani ni mstari uliochorwa na mtu. Odessa anasema..."

Hosea akasimama, akacheka mpaka akashika kiuno. "Sikilizeni huyu. Odessa anasema. Odessa amehamia ndani mwenu sasa?"

Lemuel alistahili kucheza mwenyewe ngoma aliyoipiga, na alijua. Alicheka pia. Lakini Hosea hakununua. Alisema akimaliza mkopo wa nyumba ndipo atafikiria. Kwanza mkopo, na imebaki kidogo.

Earlene alikuwa na kazi yake. Alishika simu, akapita chumba kwa chumba akipiga picha. Alipiga makochi, friza, cherehani yake, hata namba zilizoandikwa nyuma ya mashine ya kufulia. Alifungua makabati na kupiga vilivyomo.

"Hiyo ni droo ya chupi zangu," Lemuel akasema kutoka mlangoni.

"Mkaguzi wa bima hatataka kuziona. Lakini kama anataka ushahidi, ushahidi upo."

Picha zote alimtumia binti yao aliyeko mji mwingine, ili simu ikipotea zisipotee. Kisha siku thelathini zikatimia. Hakuna kilichotokea. Mwaka ukapita vilevile bila tukio. Lemuel alilipia bima mwaka wa pili, akinung'unika kidogo, kama mtu anavyonung'unikia dawa chungu.

Maji yalikuja mwezi wa kumi wa mwaka huo. Hakikuwa kimbunga chenye jina. Ilikuwa mvua iliyokaa juu yetu ikakataa kuondoka. Asubuhi, watu wa zimamoto walipita na kipaza sauti wakisema tuhame. Lemuel alizima umeme kwenye swichi kuu, akiwa bado amesimama pakavu. Earlene alichukua dawa zao, vyeti, na simu. Walipotoka, maji yalikuwa yameshapita pekani. Lemuel aligeuka akautazama ule mti uliozungukwa pande zote, akaingia garini.

Hosea alikuwa anawasha gari lake kuelekea njia ya mkato, penye maji juu ya barabara.

"Ndugu Hosea, usipite huko," Earlene alimpigia kelele. "Huioni barabara iliyo chini."

"Gari hili ni la juu."

"Na maji ni ya nguvu. Panda letu. Tafadhali."

Hosea akasita, kisha akazima gari na kuja. Baadaye tulisikia kwamba ile njia ya mkato ilikuwa imemegwa chini, shimo la kumeza lori. Walikwenda wote kwa Odessa, ambako njia ilikuwa bado kavu, wakapanda juu ya nguzo zake. Nami nilikuwa nimeshafika. Tulilala sakafuni kwenye mablanketi.

Maji yalipopungua tulikwenda kuona. Nyumbani kwa Lemuel, mstari wa matope ulikuwa ukutani, usawa wa meza. Friza ilikuwa imeelea ikaanguka kifudifudi. Cherehani ya Earlene ilijaa matope. Harufu ilikuwa mbaya. Earlene aliketi kwenye ngazi akalia, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Bima hairudishi kila kitu. Nyimbo za mama yake, alizoziandika kwa mkono, zilikuwa kwenye droo ya chini, na zilikuwa zimegeuka uji.

Lemuel alishika kochi akaanza kulivuta nje.

"Piga picha kwanza," Odessa akasema. "Ukutani pia, huo mstari. Na zulia, kata kipande ukiweke. Kisha toa vyote, ufungue madirisha, uanze kukausha leoleo. Usikae kumngoja mkaguzi huku kuvu inaota."

Mkaguzi wa bima alikuja baada ya siku chache, mwanamke mwenye buti ndefu. Alipima, akaandika, akaangalia picha za Earlene moja baada ya nyingine. "Laiti wote wangekuwa nazo," alisema. Tangi la maji moto lilikuwa juu ya jukwaa lake, zima. Hakulipia kibanda cha bustani, wala gari bovu lililokuwa uani, wala gharama za kukaa kwingine, maana bima hii haigusi hayo. Lakini kuta zililipwa, sakafu ililipwa, nyaya zililipwa, na vitu vililipwa. Miezi mitano walikaa kwa Odessa. Lemuel alisema mafuriko aliyaweza, ila kahawa ya shemeji yake ndiyo ilikaribia kumuua.

Ng'ambo ya barabara, nyumbani kwa Hosea, maji yalifika kwenye kifundo cha mguu tu. Kwenye kifundo tu. Tulifikiri amepona. Lakini ubao wa jasi wa kuta ulinyonya maji, yakapanda ndani yake. Sakafu ikavimba. Kuvu nyeusi ikatambaa kutoka chini. Bima yake ya nyumba ilimjibu kwamba maji ya mtoni hayahusiki. Serikali ilimpa msaada, akanunua mbao, ukaisha. Kilichobaki kikawa mkopo.

Siku ya kutia saini, kwenye ukumbi wa shule, Lemuel alikwenda naye. Walikaa bega kwa bega kwenye viti vya watoto.

"Lem," Hosea akasema, "nilikuwa nimebakiza kidogo tu."

"Najua."

"Nguruwe nilishamchagua."

Lemuel alimwekea mkono mgongoni. Kuna vitu ambavyo hata rafiki wa utotoni hawezi kuvirekebisha, na alikaa tu pale mpaka foleni ikaisha. Jambo moja Hosea alilifanya wiki hiyohiyo bila kuambiwa na mtu. Alikwenda kwa wakala.

Majira ya joto yaliyofuata, nyumba ya Lemuel na Earlene ilikuwa imekwisha kutengenezwa, nyeupe tena, haina deni la mtu. Hati ya zamani ya Hosea nayo ilikwisha kulipwa mwezi wa sita. Lemuel alimwambia waichome, yeye atanunua nguruwe. Hosea akatikisa kichwa. "Nyuma yake kuna nyingine," alisema. "Nitawaita hiyo ikiisha, kama bado nina meno."

Badala yake tuliitwa kwa Wilbert Speight, dereva wa lori, na mkewe Inez. Wao walikuwa wamemaliza mapema. Nguruwe alikuwa tayari, meza zimejaa, mchungaji ameshaomba. Wilbert alishika hati juu, akatazama huku na huku.

"Nani ana kiberiti?"

Lemuel akatoa kiberiti chake mfukoni, kilekile. Lakini hakumpa Wilbert. Alimpa Hosea.

Hosea akakishika, akakigeuzageuza.

"Kijana, bima ya mafuriko umeilipia?"

Wilbert akacheka. "Benki imesema si lazima tena, mzee. Na sisi huku kwetu maji huishia kwenye nguzo ya ua."

Hakuna aliyecheka naye. Odessa aliangalia sahani yake. Earlene aliniangalia mimi.

"Leo mimi ndiye ningekuwa nachoma yangu," Hosea akasema polepole. "Nami nilijua maji huishia wapi."

Akakitia kiberiti katika mfuko wa shati lake, akafunga kifungo.

"Tuleni. Jumatatu nitakupeleka kwa wakala mwenyewe. Bima yako ikianza kufanya kazi, kiberiti utakikuta hapa."

Inez alimtazama mumewe, kisha akaichukua ile hati mkononi mwake na kuirudisha ndani. Tulikula. Hakuna aliyekasirika, au kama yupo, nyama ilimnyamazisha.

Hati ya akina Speight ilichomwa baada ya siku thelathini. Siku hiyo mvua ilinyesha, ikabidi tusongamane verandani, na Hosea akawasha njiti kwa mikono yake miwili ili upepo usiizime. Maji yalikuwa yakikimbia mtaroni karibu na ile nguzo ya ua. Inez alikuwa analia na kucheka. Nilijaribu kuona kama kuna mtu anayatazama maji, nikakuta wote tunautazama moto.